Siku Niliyotema Urwarwa wa Kandida

Watu wa umri wangu pale Cibitoke, ukiwauliza Mama Anyesi ni nani, hawatakuambia ni yule aliyezaa watoto saba, wala yule aliyefanya kazi mize miaka kumi na tisa. Watakuambia ni yule aliyetema. Basi ndiye mimi. Nimeinyamazia aibu hii muda mrefu nikidhani itachoka yenyewe, kumbe aibu haichoki, anayechoka ni mwenye nayo, na mi sasa nimechoka, kwa hiyo nitaisema yote pamoja na majina, maana shule nilisoma miaka minne tu lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki tena.

Mize ni nyumba ya kutunzia vitu vya zamani (kwenye vitabu wanaiita makumbusho, neno zuri, lakini sisi tuliokuwa tunaifagia tuliita mize). Kazi yangu ilikuwa vumbi. Kila asubuhi napangusa ngoma, vikapu, mikuki, na ile mitungi ya pombe iliyopangwa kwenye ubao wa chini, mitungi kumi na mmoja, kila mmoja na kikaratasi chake kinachosema usiguse, na walioruhusiwa kuigusa tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu Yosefina. Wageni wakija na yule bwana wa kuwatembeza hayupo (mara nyingi hakuwepo), nawaeleza mimi. Maneno yangu ya mitungi nilikuwa nayasema vilevile kila mara, kama sala: kwetu pombe hainywewi na mtu mmoja, mtungi unawekwa katikati, watu wanachomeka mirija, lakini kabla ya mgeni kunywa lazima aonje kwanza mwenye pombe, au mtu waliyemchagua wote, ameze wakimwona, hapo mioyo inatulia kwa sababu wamejua mtungini hamna sumu. Wageni wanatikisa kichwa, wanapiga picha, wanakwenda. Niliyasema maneno hayo miaka kumi na tisa, nikaja kuyasahau siku moja tu.

Vita vilipozidi wageni wakakatika. Nani angetoka nyumbani kwenda kutazama mikuki ya zamani, wakati mipya ilikuwa inapita barabarani? Tukabaki tunafungua siku mbili kwa wiki, ili vikapu visiote ukungu. Na ni katika siku hizo alipokuja Bwana Deogratias, mwenye gazeti dogo la kurasa nane, mtu aliyesoma Ubelgiji, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuja kupiga picha ya mitungi. Nikamwimbia sala yangu, akaniuliza urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, wa Kayanza na wa Bubanza unatofautiana wapi, nikamweleza ndizi na ndizi, akaniuliza ndagala (dagaa wa ziwani) za kukaanga zinataka kinywaji gani, nikamweleza, akaacha kupiga picha, akaketi kwenye kiti cha mlinzi.

“Mama Anyesi, haya unayosema yameandikwa wapi?”

“Hayakuandikwa. Yananywewa tu.”

“Gazeti langu limejaa vifo,” akasema. “Mi nataka ukurasa mumoja tu ambao mutu anaweza kuusoma akiwa anakula. We andika vile unavyosema. Koma na nukta nitaweka mi.”

Ndivyo nilivyotoka kwenye mitungi mitupu nikaingia kwenye iliyojaa. Nilinunua daftari la shule lenye jalada la buluu, nikaandika juu ya mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, juu ya isombe, majani ya muhogo, na namna ya kuyatwanga yasibaki na uchungu, juu ya maharage yanayopikwa na mawese na yale yanayoharibiwa na mawese, na nyumbani kwetu Jabe watu wakaanza kuniita Mama Gazeti, na mi (nisifiche) nikaanza kuitika. Yosefina alikuwa ananicheka. “Dada, zamani ulikuwa unapangusa mitungi, leo unaisifu. Kesho utaolewa nayo.”

Kisha Bwana Deogratias akasema ukurasa hauwezi kuwa wa chakula tu, lazima uwe na vinywaji, na divai pia, na kuandika divai kuna adabu yake. Akaniita kwake Mutanga Nord, akapanga chupa tatu mezani na ndoo ndogo chini. Akanionyesha: unatazama rangi, unanusa, unavuta funda, unalizungusha kushoto na kulia, unavuta hewa kidogo juu yake, kisha unatema kwenye ndoo.

“Kutema?” nikamwuliza. “Kitu cha mutu?”

“Anayeandika vinywaji hamezi, Mama. Akimeza, chupa ya ine itamudanganya.”

Mara ya kwanza nilimeza, kwa heshima ya mwenye nyumba. Kwetu mtu anatema kilichoharibika, au anatema kwa dharau, au kwa kuchukia, la nne sikulijua. Lakini nilitaka kuijua kazi. Nikawa najizoeza nyumbani, kwanza kwa maji, halafu kwa chai iliyopoa, nyuma ya jiko, mpaka jirani akaniletea mzizi wa kutibu jino. Miezi mitatu baadaye mdomo ulikuwa unafanya wenyewe bila kuniuliza. Siku moja nilikuwa kwa padri, akanikaribisha chai, nikashtuka nimelijaza shavu na macho yanatafuta ndoo. Nikaimeza kwa nguvu. Lile lilikuwa onyo, na mi nililicheka.

Sasa niwaambie habari ya Gorethe na Sirili.

Gorethe alikuwa binti wa Yosefina, yule mwenzangu wa mize, mkaaji wa Cibitoke. Sirili alikuwa mtoto wa Kandida, jirani yangu wa Jabe, aliyekuwa anauza ndizi sokoni. Yosefina vita vilimchukulia mume, Venansi, katika zile siku mji ulikuwa unafungwa na mtu akitoka harudi. Kandida vita vilimchomea nyumba, na ndani ya nyumba alikuwemo kaka yake, Evaristi. Sitasema nani alikuwa wa upande gani. Wa hapa wanajua, na asiye wa hapa haitamsaidia. Watoto walikutana kwenye kwaya, wakapendana kama watu ambao hawajasikia habari, na mama zao walilia kila mmoja kwake, kisha wakaja kulia kwangu kila mmoja kwa zamu, kisha siku moja nikawakalisha pamoja jikoni na hawakulia tena, wakaanza kuulizana ukubwa wa sufuria za harusi.

Aliyebaki ni Mzee Laurenti, kaka wa marehemu Venansi, ambaye sasa ndiye alikuwa baba wa Gorethe kwa desturi. Bila yeye hakuna ndoa. Alikataa, akakataa, mwishowe akasema atapokea posa kwa sharti moja: “Pombe yao nitakunywa nikiona mutu nisiyemushuku amemeza mbele. Nikiinywa, mutoto ni wao. Nisipoinywa, wasirudi tena.”

Wale wanawake wawili wakasema kwa pamoja, Anyesi. Mama yangu alikuwa wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, nje ya pande hizo mbili, nimekua Jabe, hakuna aliyekuwa na la kunishuku. Kandida akaja kwangu mikono bado inanuka ndizi.

“Dada, urwarwa nimeukamua mwenyewe, sikumwachia mutu. We ndiye utafungua mtungi.”

“Nitafungua.”

“Na usimeze kama ndege. Meza koo lionekane.”

Nikamwahidi. Na hapa ndipo pana lile jambo dogo lililoleta yote: Bwana Deogratias aliposikia, akasema hiyo ndiyo habari, mtungi mmoja nyumba mbili, nenda na daftari uuandike urwarwa huo jinsi ulivyo. Ningeweza kukataa. Niliitwa kama rafiki, sikuitwa kama gazeti. Lakini nikalitia daftari kwenye mkoba, nikachomeka kalamu kwenye kilemba, nikajiambia daftari halina uzito.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita za mchana, kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, kila kitu kilifanyika mchana ili watu wawahi kurudi makwao. Uani kwa Yosefina walikuwa wamefunga shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, ndugu wa binti upande huu, wa mvulana upande ule, watu kama arobaini, na katikati mahali patupu palipofagiwa vizuri kuliko pengine pote. Mtungi ukawekwa pale. Hotuba zikasemwa, fupi, za watu wanaopima kila neno kabla ya kulitoa. Kisha Mzee Laurenti akanyoosha mkono kunionyesha mtungi, nami nikapiga magoti, nikachomeka mrija.

Nawaambia ukweli, urwarwa ule ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuonja. Ulikuwa na harufu ya ndizi iliyoiva kwenye shimo, na moshi kidogo, na nyuma yake ukali uliokuja polepole kama mgeni mwenye adabu. Hayo maneno, mgeni mwenye adabu, yalinijia palepale, nikayafurahia, nikawa nayashika yasinitoroke kabla sijayaandika, nikazungusha funda kushoto, nikazungusha kulia, nikavuta hewa juu yake, watu arobaini wananiangalia koo, na mi nikageuza kichwa kutafuta ndoo, ndoo haikuwepo, nikatema chini.

Matone mengine yaliruka kwenye kiatu cha Mzee Laurenti. Alikuwa amekipaka dawa kwa ajili ya siku hiyo.



“Mama Anyesi,” akasema Mzee Laurenti, taratibu. “Umetema.”

“Apana, Mzee, mi...”

“Umetema nikiona.”

“Ni kazi, Mzee. Sisi tunaoandika vinywaji tunatema.”

“Munatema vipi? Vibaya?”

“Vyote. Hata vizuri.”

Melaniya, shangazi wa Gorethe, mwanamke mpana aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: “Kama ni kizuri, kwa nini ukiteme?”



Nikaona midomo imeanza kusogelea masikio. Nikaona Kandida amesimama, mikono imemning'inia. Nikajua nifanye upesi, nikaurukia mrija na kuvuta kwa nguvu zangu zote ili koo lionekane, na kweli lilionekana, maana funda lilikwenda njia isiyo yake. Nikapaliwa. Nilikohoa mpaka kilemba kikaanguka na kalamu yake, machozi yananitoka, pumzi inakuja nusu nusu, nikawa natikisa mkono kusema si kitu, na mtu anayekohoa akitikisa mkono hakuna anayesoma si kitu.

“Imeshamuingia,” Melaniya akasema. “Leteni maziwa.”

Kwetu aliyelishwa sumu ananyweshwa maziwa. Wanawake wawili, Konsolata na Donata (nawataja kwa sababu walinitendea kwa moyo mwema), wakanishika mabega, Melaniya akanifungua taya kama ndama, wakamimina. Maziwa yakakutana na urwarwa mahali fulani katikati yangu, yakashindwa kuelewana, yakarudi yote, juu ya mkeka, juu ya daftari la buluu lililochungulia mkobani, mbele ya nyumba mbili zilizokuwa zinanitegemea nimeze kitu kimoja tu.

Hapo watu wakainuka. Kina mama wakavuta watoto wao. Mtu wa nyuma, sauti sikuitambua, na ni sauti pekee ya siku ile ambayo mwenyewe simjui, akamwuliza Kandida: “Mumetuletea nini?” Sirili akaenda kusimama karibu na mama yake. Mlangoni nilimwona Gorethe, kitenge kipya, mkono umefunika mdomo.

Kandida hakujitetea. Alikuja mpaka katikati, akauchomoa mrija wangu na kuulaza chini, akachota kwa kibuyu, akanywa. Akachota tena, akanywa, koo lake lilionekana na kila mtu. Kisha akaketi chini karibu na mtungi, akanyoosha miguu.

“Mi niko hapa,” akasema. “Muniangalie. Kama ni sumu, nife mbele yenu.”

Alikaa saa mbili. Hakuna aliyeondoka na hakuna aliyekunywa. Yosefina alitaka kwenda kukaa naye, Mzee Laurenti akamkataza kwa jicho. Jua lilipoanza kushuka, akatazama saa yake.

“Sumu zingine zinangoja siku tatu,” akasema. “Wakati wa kuvrefe unakaribia. Mwende na mtungi wenu.”

Kandida akaufunika kwa jani la mgomba, wakaubeba. Njia nzima mpaka Jabe alitembea mbele yangu, na hakugeuka.

Mnafikiri iliishia hapo? Siku ya pili nikashikwa na malaria. Malaria ya kawaida, kwenye zahanati walipima damu wakanipa vidonge, lakini Cibitoke habari ilifika kwamba Mama Anyesi anatetemeka kitandani, na siku ya tatu, ile ya Mzee Laurenti, walipita mlangoni kwangu watu wengi kuliko Pasaka, wanauliza nimeamkaje huku wananitazama rangi ya macho. Nilikuwa nimelala naomba, na sikuwa najiombea afya kwa kupenda maisha. Nilijua nikifa, hata nikifa kwa mbu, Kandida ameua, na Sirili ni mtoto wa muuaji, na vile vita tulivyokuwa tunataka kuvimaliza jikoni vitapata mlango mwingine wa kuingilia.

Sikufa. Siku ya tisa miguu ikanibeba, nikaenda nyumba ya pili, kwa Kandida. Alikuwa anapanga ndizi zake.

“Mtungi upo?” nikamwuliza.

“Upo. Umeshakuwa siki.”

“Tuupeleke kwa Laurenti.”

“Nikamue mupya, kama ni kupeleka.”

“Mupya utamuonyesha nini? Nilitema huu.”

Akaweka ndizi chini. Kisha akasema, “Daftari utaliacha hapa,” nami nikamwonyesha mikono yangu mitupu.

Tulikwenda kwa miguu, yeye na mtungi kichwani, mi nyuma na fimbo, mwembamba kama mrija. Mzee Laurenti alikuwa uani kwa Yosefina anatengeneza kiti. Hakutukaribisha, hakutufukuza. Yosefina alituona, akatoka na kibuyu bila kuulizwa. Kandida akafunua jani, na mi, niliyeandika kurasa nzima juu ya harufu, niliijua hali ya mtungi ule kabla sijauinamia. Ulikuwa umekufa. Ulikuwa unakata pua.

Nikachota kibuyu kizima. Nikasimama pale ambapo Mzee Laurenti angeweza kunitazama koo kutoka kando, nikainua kidevu, nikanywa. Kinywa chote kilinisihi niteme, ulimi, meno, mashavu, ile elimu yote ya Mutanga Nord ilinisihi. Nikameza. Nikachota cha pili, nikameza. Cha tatu machozi yalinitoka, lakini sikukohoa. Kisha nikaketi kwenye jiwe.

“Siku tatu zilipita, Mzee,” nikamwambia. “Na sita juu yake. Kama unataka zingine, nitazikaa hapahapa.”

Mzee Laurenti akaweka nyundo chini. Akanitazama koo, akamtazama Kandida, ambaye hakuwa anatazama mtu. Akamwambia Yosefina, “Leta mrija.”

Akachomeka, akavuta. Niliona uso wake wote unajikunja kama nguo inayokamuliwa, nikaona shavu limejaa, na nikafikiri, sasa atatema, na haki anayo. Alikaa hivyo. Kisha koo likapanda, likashuka.

“Mbaya,” akasema.

“Mbaya sana, Mzee.”

Akaupitisha mrija kwa Kandida. Kandida akanywa, akampa Yosefina, naye akanywa, na hakuna aliyetema.

Gorethe na Sirili walioana baada ya mavuno. Kandida alikamua urwarwa mwingine, akamchagua mwingine wa kuufungua, na mi nilikaa nyuma, karibu na masufuria. Alinisamehe, tulizeeka majirani mpaka akatangulia, lakini mtungi hakunipa tena, na sikuuliza. Bwana Deogratias nilimwambia kuanzia sasa nitaandika nilichomeza tu. Akasema hiyo siyo kazi inavyofanywa. Nikamwambia basi aweke koma, mengine aniachie, na akaniachia.

Mitungi ya mize nilikuja kuiona tena, wageni waliporudi. Ni mizuri bado, kumi na mmoja. Niliijua sana kwa sababu ilikuwa mitupu, mtungi mtupu haumdai mtu kitu. Ulio na kitu ndani, ukiitwa kuufungua, acha kalamu nyumbani. Na mi nilijiwekea nadhiri ambayo sijaivunja, chochote nitakachopewa na mikono ya mtu, kizuri au kibaya, kitashuka. Wajukuu wakinikatia papai wananicheka, wanasema, mbegu zinatemwa. Nazimeza zote.